Fungua, Kisha Geuka

Kila mtu katika ploti ile ya Huruma alijua mwizi hutengenezwa vipi. Mama mboga wa chini alisema ni damu. Mchungaji alisema ni miziki. Kinyozi wa kona alisema ni simu, na yeye mwenyewe alikuwa anachungulia simu yake huku kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Kuhusu Kivuva, kijana wa fundi Muasya wa ghorofa ya tatu, walikubaliana jambo moja tu: kwamba wao waliuona wizi wake zamani. Waongo! Juzi tu walikuwa wanamwita awafungulie milango wakisahau funguo ndani, na wakimwombea Mungu aibariki mikono yake.

Ndanu, dada yake, alipita katikati ya maneno hayo na ndoo yake ya maji asimjibu mtu. Alichokitaka kilikuwa kimoja, ndugu yake arudi nyumbani. Kivuva alikuwa rumande. Alikuwa amekiri kosa, na hakimu akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kutoa hukumu. Nyumba yao ikionekana njema, Kivuva angepewa kifungo cha nje, alale kwao na kwenda kuripoti kwa afisa. Ikionekana mbaya, basi ni jela. Na afisa alikuwa anakuja asubuhi hiyo.

Juu, mama yao Mbithe alikuwa amefagia hadi sakafu ikachoka. Kitambaa cha meza kilikuwa cha kuazima, vikombe vilikuwa vya kuazima, na picha ya Kivuva akiwa na vazi la kwaya ilikuwa imetolewa sandukuni na kutundikwa mahali ambapo mgeni hangeweza kuikosa.

"Hilo sanduku la vyombo lisukume chini ya kitanda," alimwambia mumewe.

"Kila mtu anajua mimi ni fundi wa kufuli," Muasya akasema. Alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Kila mtu si afisa. Na akiuliza nani alimharibu mtoto, semeni ni marafiki. Hata redioni wanasema ni marafiki."

"Marafiki gani, mama?" Ndanu akauliza. "Wale wawili waliotoroka hatuwajui hata majina."

"Ndio wazuri hao. Hawatakuja kujitetea."

Muasya akaweka wembe chini. Alilisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, pole pole, kama mtu anayemficha mzazi wake.

Afisa Aluoch alikuwa mwanamke kijana, viatu vina vumbi, amechoka kwa ngazi. Akapewa kiti chenye mto. Akanywa chai kwa adabu, akaitazama ile picha ya kwaya, kisha akafungua faili na kuwaomba wamweleze siku ile ilikuwaje.

Mbithe alieleza kwa sauti ya kanisani. Wezi walikuwa watatu, mchana kweupe. Mlango ulikuwa wa Muhiba, muuza mahamri wa ghorofa ya kwanza, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Hikma. Yeye alikuwa sokoni. Wawili waliingia wakatoka na televisheni na mtungi wa gesi, wakatokomea. Wa tatu, Kivuva, majirani walimkuta kwenye korido. Hakuwa anakimbia. Alikuwa amesimama nje ya mlango, ameupa mgongo, uso ukutani, anapangusa waya wake wa kufungulia kwa kitambaa. Walipoanza kumpiga alishangaa kabisa. "Mimi nilifungua tu," aliwaambia.

"Mbona hakukimbia na wenzake?" afisa akauliza.

"Marafiki, madam," Mbithe akasema haraka. "Marafiki walimponza."

"Fundi hakimbii," Muasya akasema.

Loo! Mbithe akanyoosha mguu chini ya meza amkanyage mumewe anyamaze. Aliyeshtuka ni afisa. Mbithe akaomba msamaha mara nyingi, na kabla hajamaliza, mzee alikuwa ameshaendelea. Miaka mingi alikuwa hajaulizwa na msomi kazi yake hufanywaje, na utamu wa kuulizwa ukamlevya.

"Fundi akishafungua mlango hachungulii ndani, madam. Wala havuki kizingiti. Anageuza mgongo, anapangusa vyombo vyake. Kinachotoka humo si chake, na hakukiona. Hiyo ndiyo heshima ya kazi hii. Nilimfundisha Kivuva akiwa bado shule ya msingi, hapa hapa mezani. Na huyu dada yake pia."

Kalamu ya afisa ilikimbia. Kisha ikasimama, akamgeukia Ndanu. "Na wewe unajua kufungua?"

"Najua kumshinda Kivuva."

"Umewahi kuiba?"

"Sijawahi hata sukari." Ndanu akachukua birika. "Tulifundishwa meza moja, na baba mmoja, kwa kufuli zilezile. Kama ubaya ni mafunzo, mbona mimi niko hapa nakumiminia chai?"

Aluoch hakukasirika. Alionekana hata kufurahi, kama mwalimu aliyeulizwa swali ambalo naye humsumbua. "Chuoni tulifundishwa kwamba mtu hujifunza uhalifu jinsi anavyojifunza kupika," akasema. "Anawaangalia walio karibu naye. Anaona ni kitu gani kinasifiwa na kipi kinakemewa. Lakini ni kweli, ndugu wawili chungu kimoja, mmoja anapotea na mwingine hapana. Ndiyo maana nauliza. Wewe baba alikuwa anakupeleka kazini?"

"Mimi ni msichana. Alikuwa anampeleka Kivuva. Jumamosi."

"Kazi gani za Jumamosi?"

Muasya akaangalia dirisha. "Kazi za kawaida," akasema.

Afisa alipokuwa anafunga faili aliwaambia kwamba kesho angerudi kumwona Mama Hikma. Korti husikiliza sana neno la aliyeibiwa, akasema. Kama angesamehe, ingesaidia. Mbithe akamsindikiza hadi barabarani, akimbebea mkoba ambao hakuwa ameombwa aubebe.

Jioni hiyo wakashuka wote watatu hadi mlangoni kwa Muhiba. Hakuwakaribisha. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda anakanda unga, akawaacha wasimame koridoni, mahali ambapo kila aliyepita na beseni la nguo aliwasukuma kidogo na kuchelewesha hatua ili asikie.

"Mama Hikma, tumekuja kwa miguu yetu," Mbithe akaanza. Akapiga magoti pale pale, kwenye maji ya nguo za watu.

"Inuka, Mama Ndanu. Unalowa bure." Muhiba hakuacha kukanda. "Mimi sina neno na wewe. Nina neno na mzee."

Muasya akavua kofia.

"Mwaka ule wa korona," Muhiba akasema, "sokoni kumefungwa, sina pa kuuza, nimechelewa kodi. Ndete, ajenti wa ploti, akaja Jumamosi na vijana wake. Na wewe. Ukaufungua mlango huu. Wakabeba friji yangu, wakabeba na cherehani ya marehemu mamangu. Nilikuuliza nini, mzee?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka, wallahi. Nilikuuliza, unawaacha wanibebee na wewe jirani yangu? Ukanijibu umenipa mgongo. Ukasema, mimi nafungua tu, mama."

Hata wa mabeseni walikuwa wamesimama.

"Ile ilikuwa kazi," Muasya akasema. "Kulikuwa na deni."

"Kulikuwa na karatasi ya korti?"

"Kulikuwa na Ndete."

"Haya. Na mwanao alikuwa kando yako, ndevu hazijaota, amekushikia tochi. Naye akageuka ukutani vilevile ulivyogeuka wewe. Ndete akakupa chako, akampiga kijana begani, akamwambia huyu atakuwa fundi. Akacheka mtoto wa watu, akafurahi." Sasa Muhiba aliacha unga. "Mimi nimeibiwa mara mbili na familia moja, na mara zote mbili mwizi ananipa mgongo."

Ndanu alimtazama baba yake, na baba yake akaitazama kofia. Ndanu alikuwa amejua Jumamosi zile. Chapati za Jumamosi alikuwa akizila. Lakini hakuwa amewahi kujiuliza milango ilikuwa ya nani.

"Kijana nitamsamehe," Muhiba akasema. "Nitasema kwa mdomo wangu. Lakini kesho, mbele ya huyo afisa, mzee aseme mwanawe alijifunza wapi. Asiniletee marafiki."

Kesho yake asubuhi Ndanu alipofika dukani kwa Zubair, alikokuwa akiuza na kufunga duka jioni, alimkuta mwenye duka amesimama mlangoni badala ya kukaa kaunta.

"Ndanu, mwanangu, hebu nipe hizo funguo."

"Kuna nini, mzee?"

"Hakuna neno. Mimi nakuamini kuliko watoto wangu. Lakini wateja wanaongea, unaona. Wanasema nyumba ile ni moja." Akanyoosha mkono, akasubiri. Alikuwa na haya, hilo Ndanu aliliona, lakini haya hiyo haikumzuia kuzipokea, kuzihesabu na kuzitia mfukoni. "Pumzika kidogo. Mambo yakitulia nitakuita."

Alirudi nyumbani akiwa na mkate ambao Zubair alimpa bure, na mkate huo ulimuuma kuliko maneno. Aliukuta ugomvi umeshawaka.

"Nikisema hivyo nimejivua nguo mbele ya watu!" Muasya alikuwa anasema. "Nani ataniita tena? Fundi wa kufuli ana nini zaidi ya jina?"

"Ana mtoto," Mbithe akasema. "Vua."

"Mimi sikuiba kitu cha mtu."

"Nani amesema uliiba? Sema tu anavyotaka Mama Hikma. Ni maneno. Kivuva analala kwenye simenti, wewe unalinda jina!"

Muasya akamgeukia binti yake. Macho yake yalikuwa yanaomba. Ndanu alikuwa mtoto wake wa kumtetea, tangu utotoni.

"Baba, sema," Ndanu akasema. "Kwa ajili ya Kivuva, sema."

Basi akasema. Afisa Aluoch alikuja mchana, wakakusanyika kwenye korido ile ya Muhiba, na majirani wakajifanya wana shughuli. Muasya alianza akiwa ameangalia ukuta. Afisa akamwomba ageuke ili amsikie vizuri. Akageuka.

"Alijifunza kwangu," akasema. "Mimi nilikuwa nafungulia Ndete nyumba za watu. Bila karatasi. Vitu vyao vikitolewa mimi nageuka. Nilimwambia mtoto kwamba ukigeuka, hujaiba. Nikamwambia hiyo ndiyo heshima. Akaniamini." "Yeye hakujua anaiba, madam. Alidhani yuko kazini."

Muhiba alikuwa wa kwanza kulia. "Nimemsamehe," akamwambia afisa. "Andika. Nimemsamehe kijana, na huyu baba yake pia nimemsamehe." Mbithe akamkumbatia, wakaliliana mabegani, na hata mama mboga, aliyesema ni damu, akapangusa macho kwa pindo la aproni.

Aluoch aliandika kwa muda mrefu. Ndanu, aliyekuwa anausoma uso wake, aliona hakuna alipotabasamu. Lakini siku hiyo kila mtu alikuwa na furaha, naye akaamua kwamba maafisa ndivyo walivyo. Jioni Mbithe alipika chapati na kumpelekea Muhiba sahani iliyofunikwa. Akatandika kitanda cha Kivuva shuka safi.

Siku ya hukumu walivaa nguo za Jumapili. Muhiba alikwenda nao, akaketi kati ya Mbithe na Ndanu, na sahani yao alikuwa ameirudisha na mahamri ndani. Kivuva alisimama kizimbani, amekonda, jicho moja bado lina alama ya kipigo. Alipomwona Ndanu alimwinulia kidevu, salamu yao ya kawaida. Niaje, siz.

Hakimu hakuwa mtu mkali. Alisoma kwa sauti ya mtu mwenye mafaili mengine mengi yanayomngoja.

"Korti imesoma ripoti ya probesheni na inamshukuru afisa kwa kazi nzuri. Ripoti inasema mshtakiwa ni kijana mtiifu. Shida ni aliyemtii. Baba mwenyewe, bila kulazimishwa, amekiri kwamba ndiye aliyemfundisha mshtakiwa kufungua milango ya watu na kujihesabu hana hatia. Mwalimu bado yuko nyumbani, vyombo viko nyumbani, kazi hiyo bado inaendelea. Mlalamishi amesamehe, na huo ni utu. Lakini kifungo cha nje maana yake ni kumrudisha mtu kwao. Korti haiwezi kumrudisha mwanafunzi huyu kwenye darasa lilelile." Akafunga faili. "Miaka mitatu."

Mbithe hakulia mara moja. Alimgeukia Ndanu. "Amesema nini? Amesema anarudi?"

Muhiba ndiye aliyesimama. "Mheshimiwa! Mimi ndiye niliyeibiwa! Nilisema asamehewe!"

"Keti, mama," karani akasema.

"Nilitaka mzee aseme tu! Sikutaka..."

"Mama, keti ama utoke."

Kivuva alikuwa ameshashikwa mkono na askari. Alimtazama baba yake kwa mshangao uleule aliokuwa nao siku walipompiga koridoni. "Buda," akaita, "uliwaambia mimi ni mwizi?"

Muasya alifungua mdomo. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, ukafungwa.

Nje, Ndanu alimkimbilia afisa Aluoch, akamshika mkono wa koti mbele ya watu. "Na mimi je? Mimi uliniandika wapi? Nilikuambia tulifundishwa pamoja!"

"Nilikuandika," Aluoch akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo lilimkasirisha Ndanu zaidi. "Niliandika kwamba wewe unaijua kazi na hujawahi kukosa. Niliandika kwamba kujua kufungua hakumfanyi mtu mwizi."

"Sasa?"

"Sasa nikaandika pia kwamba wewe hukupelekwa Jumamosi." Akautoa mkono wake taratibu. "Niliandika mlichoniambia, Ndanu. Baba yako alisema ukweli mtupu. Ningeuandika vipi usiwe ukweli?"

Baada ya hapo Muasya hakuitwa tena. Watu walisahau funguo ndani kama kawaida, lakini walimwita fundi mwingine kutoka Dandora, wakamngoja hata nusu siku, na walimpitisha mbele ya mlango wa Muasya. Zubair naye hakuita. Kwake aliajiri mpwa wake. Mahamri ya Muhiba yalikuja mara mbili, Mbithe akayarudisha yakiwa yamefunikwa vilevile, na mara ya tatu hayakuja. Nyumbani walianza kulalia chai tu, halafu chai bila maziwa.

Aliyeita, mwishowe, alikuwa Ndete.

"Mzee, mimi hayo mambo ya korti hayanihusu," alisema kwenye simu, na sauti yake ikajaa chumba kizima. "Jumamosi nina mlango mmoja, ile ploti ya nyuma. Uko?"

Muasya akamwangalia mkewe. Mbithe akaendelea kukunja nguo. "Niko," akasema.

Jumamosi alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalikalia. Mikono yake ilikuwa haijatulia tangu siku ya korti. "Ile ploti korido zake ni giza," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Anahitajika mtu wa kushika tochi."

Ndanu alimngoja mama yake aseme kitu. Mbithe alikuwa anakunja shati la Kivuva ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Hapo Ndanu akavaa viatu.

Mlango ulikuwa wa mwanamke aliyeitwa Batulo, mfua nguo za watu. Alikuwepo. Alikuwa amesimama kwenye ngazi na beseni lake, amefungiwa nje tangu asubuhi na kufuli la Ndete juu ya lake, na ufunguo wa Ndete ulikuwa umekatikia ndani ya kufuli. Ndete na vijana wake walikuwa wameegemea ukuta. Muasya akapiga magoti, akaingiza waya. Ukateleza. Akaingiza tena. Mkono ulikuwa unatikisika mpaka kufuli likawa linagonga bati la mlango.

"Mzee, tutalala hapa?" Ndete akasema, na vijana wakacheka.

Ndanu alivumilia kidogo. Kisha akampa baba yake tochi, akachukua waya, akatega sikio. Vidole vilikumbuka peke yao. Kufuli la kwanza likaachia, na la pili halikungoja.

"Hee!" Ndete akapiga makofi. "Kumbe tulikuwa na dawa nyumbani! Huyu anamshinda hata yule kaka yake. Huyu ndiye fundi!" Akampiga begani.

Na Muasya akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya korti, tabasamu dogo la fahari, meno ya mbele tu, na Ndanu, Mungu amsamehe, akasikia moyo wake unafurahi.

Vijana wakaingia. Kitanda kikaanza kukwaruza sakafu. Ndanu alirudi hatua moja kutoka kizingitini, akageuka, uso ukutani, akatoa kitambaa.

"Dada," Batulo akaita kutoka kwenye ngazi. Hakuwa analia, alikuwa anauliza tu. "Dada yangu, hata wewe mwanamke unawaacha wanibebee?"

"Mimi nafungua tu, mama," Ndanu akasema, akaendelea kupangusa waya.